Yevgeny Primakov, Mtumishi wa Siku za Dhoruba

Tarehe 11 Septemba, 1998, Bunge la Urusi lilimkubali Yevgeny Maksimovich Primakov kuwa Waziri Mkuu kwa kura 317. Bunge hilo, liitwalo Duma na lenye viti 450, lilikuwa limekwisha kumkataa mara mbili Viktor Chernomyrdin, mtu aliyependekezwa na Rais Boris Yeltsin. Na kwa mujibu wa Katiba ya nchi hiyo, kama lingalikataa mara ya tatu lingalivunjwa. Wakomunisti walimpigia kura Bw. Primakov. Chama cha Yabloko, ambacho na wakomunisti hawakuwa wakipikika chungu kimoja, kilimpigia pia. Naye kiongozi wa chama hicho, Grigory Yavlinsky, ndiye aliyelitaja jina lake bungeni kwanza. Mwenyewe hakuwa ameuomba wadhifa huo, na alikuwa ameukataa kabla ya kushawishiwa kuukubali. Umri wake ulikuwa miaka 68, miezi michache tu baada ya Rais kumteua Waziri Mkuu mwenye umri wa miaka 35.

Leo twaizungumza njia iliyomfikisha mzee huyu mahali hapo, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo watumishi wa serikali, wa vyeo vya juu na wa chini, hawatakosa kulitambua. Ukiifuata historia ya utumishi wake utaona kwamba takriban kila mara alipokabidhiwa madaraka makubwa, palikuwa pamekwisha kuharibika kitu. Aliitwa jahazi lilipokuwa limekwisha kuingia maji. Lilipokauka, aliombwa ashuke.

Mfano huu wa jahazi si wa kubuni tu, maana kijana Primakov alitaka kweli kuwa mwanamaji. Alizaliwa Kiev tarehe 29 Oktoba, 1929, akakulia Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, akilelewa na mama yake bila ya baba. Mama huyo alikuwa daktari wa wanawake, na kwa miaka mingi alitibu wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mwaka 1944, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea, mtoto alipelekwa Baku, pwani ya Bahari ya Kaspi, katika shule ya kuwatayarisha vijana kwa jeshi la majini. Hakukaa sana. Madaktari waligundua kuwa ana kifua kikuu, akarudishwa kwao mwaka 1946. Sisi wa visiwani twajua uchungu wa kijana anayeambiwa kuwa bahari haimtaki.

Akaenda Moscow, akaingia Chuo cha Elimu ya Mashariki, akapangiwa kusoma Kiarabu. Alihitimu mwaka 1953, mwaka aliofariki Stalin. Kiarabu kwa Mrusi si lugha ya kujifunza kwa miezi sita. Hana hata neno moja la kuanzia, wakati sisi huku tunayo mamia ya maneno yake vinywani mwetu tangu utoto. Walakini lugha hiyo ndiyo iliyomfungulia Bw. Primakov milango yote ya baadaye. Kuanzia mwaka 1956 alifanya kazi katika redio ya serikali, akapanda hadi kuwa mhariri mkuu wa matangazo ya Kiarabu. Redio hiyo ndiyo ile ile iliyokuja kusikika kwa Kiswahili katika mwambao wetu, na wazee wetu wengi wangali wanaikumbuka sauti ya Moscow ikiingia na kutoka kwa mawimbi mafupi usiku.

Mwaka 1962 alihamia gazeti la Pravda, lililokuwa gazeti la Chama cha Kikomunisti, na baadaye akapelekwa Cairo kuwa mwandishi wake katika Mashariki ya Kati. Yafaa msomaji afahamu kazi hiyo ilikuwa ni kazi gani hasa. Mwandishi wa Pravda katika mji kama Cairo aliandika mara mbili. Yale yaliyofaa kusomwa na umma yalichapishwa gazetini, na yale yaliyokuwa kweli tupu, yenye kutia shaka au kuchoma, yalipelekwa kwa wakubwa wa Chama katika bahasha iliyofungwa. Twaweza kuucheka utaratibu huo, lakini kwa mtu mwenye akili ulikuwa shule kubwa. Ulimlazimisha kujua tofauti baina ya linalosemwa na lililopo, na ulimzoeza kumwandikia mkubwa asiyependa kusoma habari mbaya.

Zilikuwa enzi za Rais Gamal Abdel Nasser. Bw. Primakov aliviona vita vya Juni 1967 na fedheha iliyofuata. Alisafiri Syria na Lebanon, na kati ya mwaka 1966 na 1970 alipanda mara kwa mara milima ya kaskazini mwa Iraki kuonana na Mulla Mustafa Barzani, kiongozi wa Wakurdi, aliyekuwa akipigana na serikali ya Baghdad. Wakurdi na serikali hiyo walitia sahihi mapatano ya mamlaka ya ndani mwezi Machi 1970. Mapatano hayo hayakudumu, lakini katika safari hizo mwandishi alijuana na kijana mmoja wa chama cha Baath aliyekuwa akishughulikia suala la Wakurdi kwa upande wa serikali. Jina lake lilikuwa Saddam Hussein. Kujuana huko kuje kumfuata Bw. Primakov kwa zaidi ya miaka 30, mara kumjengea jina na mara kumbomolea.

Miaka ya 1970 na 1980 twaweza kuipita upesi, kwani ilikuwa miaka ya maktaba na mikutano. Alirudi Moscow, akawa naibu mkurugenzi wa taasisi ya uchumi wa dunia na uhusiano wa kimataifa. Mwaka 1977 akakabidhiwa Taasisi ya Elimu ya Mashariki. Mwaka 1979 akawa mwanachama kamili wa Chuo cha Sayansi, daraja ambalo katika nchi ile lilikuwa na heshima kuliko uwaziri. Mwaka 1985 akarudi kuiongoza ile taasisi ya kwanza. Pamoja na Igor Belyaev alikuwa ameandika kitabu juu ya Misri ya zama za Nasser, kilichotoka mwaka 1974. Nyumbani alipatwa na misiba miwili mizito: mwanawe wa kiume alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo mwaka 1981, na mkewe akamfuata mwaka 1987. Waliofanya kazi naye wamesimulia kwamba baada ya hapo alijizamisha katika kazi.

Bw. Mikhail Gorbachev alipotafuta watu wa kumsaidia katika mageuzi yake aliwakuta katika taasisi kama hizo, maana wizarani na katika ofisi za Chama watu walikuwa wamezoea kusema ndiyo. Mwaka 1989 Bw. Primakov akawa spika wa baraza mojawapo la Bunge Kuu la Umoja wa Kisovieti, na mwaka 1990 akaingia katika baraza la washauri wa Rais. Ndipo Iraki ilipoivamia Kuwait, tarehe 2 Agosti, 1990.

Hapa twataka kutua kidogo, kwani tukio hili lamwonyesha mtu kamili. Moscow ilikuwa na maelfu ya wataalamu wake Iraki, na ilikuwa imeungana na Marekani kulaani uvamizi. Waziri wa Mambo ya Nje, Bw. Eduard Shevardnadze, aliamini kuwa urafiki mpya na Washington haufai kutiliwa shaka hata chembe. Bw. Gorbachev hata hivyo akamtuma Bw. Primakov kwenda Baghdad, naye akaenda mara mbili katika mwezi wa Oktoba, akazungumza na Saddam uso kwa uso akitaka raia wa nchi yake waachiwe na majeshi ya Iraki yaondoke Kuwait. Wasovieti walianza kuruhusiwa kuondoka, majeshi hayakuondoka. Bw. Shevardnadze aliona kuwa anachimbwa chini, na mwezi Desemba akajiuzulu, ingawa sababu zake zilikuwa zaidi ya hiyo moja.

Mabomu yalianza kuiangukia Baghdad tarehe 17 Januari, 1991. Tarehe 12 Februari Bw. Primakov aliingia tena mji huo, safari hii akipitia Irani na kumalizia kwa gari, kwa kuwa hapakuwa na ndege inayoweza kutua. Akaonana na Saddam jioni ile. Alfajiri iliyofuata mabomu ya Marekani yalipiga handaki la Amiriyah, walimojificha raia, wakafa watu zaidi ya 400. Siku chache baadaye Iraki ilikubali, mjini Moscow, mpango wa kuondoka Kuwait. Washington ikasema masharti yake hayatoshi na muda umekwisha. Vita vya nchi kavu vilianza tarehe 24 Februari, vikamalizika kwa siku nne.

Watu wengi wa Magharibi walimwita tangu hapo rafiki wa Saddam, na jina hilo halikumtoka. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Mtu aliyejuana na mtawala kwa miaka 20 huwa anasikia katika maneno yake mambo ambayo hayamo, na Bw. Primakov aliamini kwa muda mrefu mno kwamba Saddam ana akili ya kutosha kurudi nyuma. Lakini waliomlaumu wangejiuliza pia: ni nani mwingine, katika serikali zote kubwa za wakati ule, aliyeweza kumwambia Saddam usoni, bila karatasi mkononi, kwamba atapigwa na atashindwa? Ujuzi huo haununuliwi wakati wa haja. Ulikuwa umewekwa akiba tangu ile milima ya Wakurdi, na mwenye kuuweka hakujua utatumika lini.

Mwezi Agosti 1991 baadhi ya wakubwa wa Umoja wa Kisovieti walijaribu kumpindua Bw. Gorbachev, wakamzuia katika nyumba yake ya mapumziko huko Crimea. Bw. Primakov, aliyekuwa likizoni si mbali na hapo, alirudi Moscow, akaungana na waliopinga, kisha akawa miongoni mwa wajumbe walioruka kumrejesha Rais tarehe 21 Agosti. Baada ya mapinduzi hayo kushindwa, shirika la usalama la KGB lilivunjwa vipande, na kile kipande cha ujasusi wa nje akakabidhiwa yeye. Umoja wenyewe ulipovunjika Desemba ile, Bw. Yeltsin, ambaye hakuwa na sababu ya kumpenda mtu wa Bw. Gorbachev, alimwacha palepale. Watu wa Rais aliyepita waliosalimika hivyo walikuwa wachache.

Idara aliyoirithi ilikuwa katika hali ya kusikitisha: mishahara haitoshi, maofisa wanahama kwenda kutafuta riziki katika mabenki mapya, na wengine wanauza siri. Aliiendesha kwa miaka minne bila ya kuigeuza kuwa fimbo ya kisiasa. Jambo moja alilolifanya lilikuwa geni kabisa kwa idara ya namna hiyo: mwezi Novemba 1993 alitangaza hadharani ripoti juu ya kupanuka kwa NATO kuelekea mashariki, akieleza kwa nini Urusi ingeliona jambo hilo kuwa tishio. Aliyeisoma ripoti ile mwaka 1993 hakuwa na haki ya kusema baadaye kwamba alishtukizwa.

Mwezi Januari 1996 alihamishwa kwenda Wizara ya Mambo ya Nje. Hapo napo palikuwa pameharibika. Mtangulizi wake, Bw. Andrei Kozyrev, alikuwa ametuhumiwa nchini mwake kuitikia kila jambo lililotoka Washington, na Rais alikuwa anakabiliwa na uchaguzi mwezi Juni. Bw. Primakov hakugombana na Magharibi, alikaa mezani. Aliona kuwa upanuzi wa NATO hataweza kuuzuia, akaamua kuupatia Urusi kinga ya maandishi, na Mei 27, 1997, mjini Paris, Urusi na NATO zikatia sahihi mapatano ya msingi ya uhusiano wao. Alitaka dunia isiwe na mkubwa mmoja. Mwezi Desemba 1998, akiwa amekwisha kuwa Waziri Mkuu, alisema mjini Delhi kwamba Urusi, Uhindi na China zingefaa kuwa na ushirikiano wa pembe tatu. Waliosikia walidhani ni maneno ya karamu. Leo mikutano ya nchi hizo, katika jumuiya ya BRICS na kwingineko, haimshangazi mtu.

Basi tumefika kwenye ile Septemba ya mwaka 1998. Tarehe 17 Agosti serikali ya Bw. Sergei Kiriyenko ilikuwa imetangaza kwamba haitalipa hati zake za mkopo za ndani kwa wakati, na kwamba haiwezi tena kuitetea thamani ya sarafu. Katikati ya Agosti dola moja ilinunuliwa kwa rubli zipatazo 6. Wiki tatu baadaye ilikuwa karibu na 20. Katika mwezi wa Septemba peke yake bei zilipanda kwa asilimia 38. Mabenki yalifunga milango, na wenye akiba wakasimama nje. Msomaji wa visiwani, ambaye mchele wake huja kwa meli na hulipiwa kwa fedha za kigeni, hahitaji kuelezwa zaidi maana ya sarafu kuanguka hivyo katika siku 20.

Bw. Primakov hakuwa bingwa wa fedha, wala hakujidai. Alimchukua mkomunisti, Bw. Yuri Maslyukov, aliyewahi kuongoza tume ya mipango ya Umoja wa Kisovieti, awe makamu wake wa kwanza katika mambo ya uchumi, na Benki Kuu ikarudishiwa mkongwe Viktor Gerashchenko. Wataalamu wa Magharibi walitabiri kwamba sasa mitambo ya kuchapa noti itawashwa, viwanda vitataifishwa na bei zitapangwa na serikali. Hayo hayakutokea. Serikali ile ilichapa noti kwa kiasi, ikapitisha bajeti ya mwaka 1999 iliyokuwa ya kubana kuliko zilizoitwa bajeti za wapenda soko huria, ikaanza kulipa malimbikizo ya mishahara na pensheni. Bidhaa za kigeni zilikuwa zimekuwa ghali, kwa hiyo viwanda vya ndani vya chakula na nguo vikapata wateja tena. Bei ya mafuta, iliyokuwa karibu dola 10 kwa pipa mwishoni mwa 1998, ikaanza kupanda. Mwaka 1999 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 6.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya nafuu hiyo ililetwa na kuanguka kwa rubli na kupanda kwa mafuta, mambo ambayo hakuyafanya yeye. Lakini kuna serikali nyingi zilizopewa upepo mzuri zikapindua chombo. Kazi yake ilikuwa kutulia na kuwatuliza wengine, na kutoharibu zaidi. Serikali yake ilikuwa na waziri wa kila rangi, na kwa mara ya kwanza tangu 1992 Bunge na Baraza la Mawaziri havikuwa katika vita.

Kisha ikaja safari ya Marekani. Tarehe 23 Machi, 1999, alipanda ndege kwenda Washington kujadiliana na Makamu wa Rais, Bw. Al Gore, pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa, kwani Urusi ilihitaji sana mikopo ya kulipia madeni yake. Wakati huohuo NATO ilikuwa inajiandaa kuipiga Yugoslavia kwa ajili ya Kosovo. Ndege ilitua Shannon, Ireland, kujaza mafuta, ikaendelea. Ikiwa juu ya Atlantiki, Bw. Gore alimwambia kwa simu kwamba mashambulizi hayazuiliki tena. Bw. Primakov akaamuru ndege igeuzwe irudi Moscow.

Uamuzi ule wajadiliwa hadi leo, na si na wajinga. Gazeti moja la Moscow liliandika mara moja kwamba Waziri Mkuu ameitia Urusi hasara ya dola bilioni 15. Wengine waliona kwamba nchi yao, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, imekataa kuketi mezani na mtu anayempiga jirani yake. Maoni yetu ni kwamba hakuwa na njia nyingine iliyo bora. Kama angalitua Washington, mabomu yangalianza huku yeye anaomba mkopo, na picha ya siku hiyo ingalimfuata kila mjumbe wa Urusi kwa miaka mingi. Wala fedha hazikupotea kabisa: mwezi Julai mwaka huohuo Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola bilioni 4.5. Naye hakurudi nyumbani kulala. Machi 30 alikuwa Belgrade akizungumza na Slobodan Milošević, ingawa hakupata kitu.

Mkopo huo ulipoidhinishwa alikuwa ameshaondolewa. Tatizo lake halikuwa Washington. Watu walikuwa wamempenda kuliko Rais. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amesema, kuhusu msamaha wa wafungwa, kwamba magereza yanaachiwa nafasi kwa ajili ya wale watakaofungwa kwa makosa ya uchumi. Wenye mabenki na viwanda vya bure waliyasikia maneno yale vizuri. Mwezi Aprili hati ya kumkamata tajiri Boris Berezovsky, aliyekuwa na sauti kubwa katika ikulu na katika televisheni, ilitolewa, kisha ikafutwa. Na Bunge lilikuwa linatayarisha mashtaka ya kumwondoa Rais.

Tarehe 5 Mei, 1999, katika kikao cha kamati ya maandalizi ya milenia ya tatu, mbele ya kamera za televisheni, Bw. Yeltsin alikatiza mazungumzo, akatazama meza kwa muda, akasema kwamba watu hawakukaa sawasawa. Akaamuru Bw. Sergei Stepashin, aliyekuwa makamu wa kwanza wa Waziri Mkuu kwa wiki moja tu, ahame kiti na kuketi karibu yake. Watu wakainuka, viti vikasogezwa. Bw. Primakov alitazama bila kusema neno. Mtumishi ye yote aliyepata kuhudhuria mikutano ya wakubwa anaijua lugha ile ya viti, na siku hiyo nchi nzima iliisoma.

Wiki moja baadaye, Mei 12, alifukuzwa. Rais alieleza kwamba Waziri Mkuu ametimiza kazi aliyopewa ya kutuliza hali, na kwamba sasa uchumi unahitaji msukumo mpya. Kwa maneno mengine, alifukuzwa kwa kufaulu. Kesho yake Bunge lilianza kujadili mashtaka ya Rais, na Mei 15 yakakosa kura: shtaka la vita vya Chechnya, lililopata nyingi kuliko mengine, lilipata 283, ilhali zilihitajika 300. Bw. Stepashin alidumu miezi mitatu, akafuatwa na Bw. Vladimir Putin.

Mzee alijaribu siasa za uchaguzi. Akaungana na meya wa Moscow, Bw. Yuri Luzhkov, na mwanzoni ilidhaniwa kwamba watashinda. Televisheni iliyokuwa mikononi mwa Bw. Berezovsky ilimfanya Bw. Primakov kuwa mgonjwa asiyeweza kutawala, hata ikawaonyesha watazamaji, jioni wakiwa mezani, picha za upasuaji wa nyonga kama ule aliofanyiwa Uswisi. Mwezi Desemba chama chao kilipata asilimia 13, nyuma ya wakomunisti na ya chama kipya kilichoungwa mkono na Bw. Putin. Februari 2000 alitangaza kuwa hatagombea urais. Mtu aliyeshinda vita vya ofisini kwa miaka 40 hakuwa na silaha kwa vita vya namna ile, na twadhani hakutaka kuwa nayo. Mwishoni mwa mwaka 2001 akakabidhiwa Chama cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda, akakiongoza hadi mwaka 2011.

Aliitwa mara moja zaidi. Mwezi Februari 2003, Marekani ikiwa imekwisha kulundika majeshi Kuwait, Bw. Putin alimtuma Baghdad kwa siri. Ujumbe ulikuwa mfupi: Saddam ajiuzulu urais ili nchi yake isivamiwe. Kwa masimulizi ya Bw. Primakov mwenyewe, walikutana usiku, akausema ujumbe ule mbele ya wasaidizi wa Saddam kama mwenyeji alivyotaka. Saddam alisikiliza, akasema kidogo, akampiga bega mjumbe wake wa zamani kwa mkono, akatoka chumbani. Bw. Primakov akarudi Moscow kutoa taarifa. Vita vilianza tarehe 20 Machi, na Saddam alinyongwa mwishoni mwa mwaka 2006.

Bw. Primakov alifariki dunia mjini Moscow tarehe 26 Juni, 2015, akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa katika makaburi ya Novodevichy. Ile taasisi ya uchumi wa dunia aliyoiongoza ikapewa jina lake. Mwezi Oktoba 2019, katika mwaka wa 90 tangu kuzaliwa kwake, sanamu yake ilizinduliwa katika uwanja ulio mbele ya Wizara ya Mambo ya Nje, mahali ambapo maofisa wa wizara hiyo hupita asubuhi wakienda kazini.